Manjano ya Bibi Harusi

Nyie visiwani mnayatia kwenye singo, sisi huku Soni kwenye mchuzi. Harusini manjano hayakosekani. Panya waliolishwa risasi wakapewa kiini chake, kurkumini, walipungukiwa madhara kwenye ini na figo. Lakini panya si mtu, na manjano yenyewe yamewahi kubeba sumu hiyo. Miaka ya 1980 mafuriko yalifubaza manjano ya Bangladesh, wafanyabiashara wakaipaka mizizi mikavu rangi yenye risasi. Serikali ilipowabana, sampuli zenye risasi zilishuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri 2021. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto tangu tumboni. Bibi harusi, nunua manjano mabichi, osha, chemsha, anika, twanga mwenyewe. Allah atuhifadhi, amin.