Ukiritimba na Dola: Historia ya Kariakoo

Wako wanaodai kwamba ukiritimba ni mtoto wa Serikali. Milton Friedman wa Marekani aliandika mwaka 1962 kwamba, pale ambapo ukiritimba hauepukiki, ni afadhali ushikwe na mtu binafsi kuliko kushikwa au kusimamiwa na Serikali. Sisi wajamaa tumezoea kuyatupa madai haya bila kuyapima. Tuyapime Kariakoo.

Nusu yake ni kweli. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki iliyanyonya maeneo yetu kwa hati ya Kaizari ya mwaka 1885. Lakini makampuni ya biashara tuliyoyataifisha Februari 1967, kama Smith Mackenzie na Dalgety, hayakuwa na hati ya kututawala. Mtaji wa ng'ambo uliyatosha. Hilo Friedman hakulipa uzito.

Kutaifisha halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuacha bidhaa za nje zipitie mlango mmoja, yaani Shirika la Biashara la Taifa (STC). Mwenye duka wa Mtaa wa Kongo aliyekosa sabuni huko hakuwa na mlango mwingine wa kubisha, wala mlaji hakuwa na pa kumshtaki mrasimu. Mwaka 1973 STC ilivunjwa, yakaundwa makampuni ya biashara ya mikoa. Basi kila mkoa ukapata mlango wake mmoja! Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yakafungwa kabla ya yale ya ujamaa kuwa na uwezo wa kuhudumia umma, na Serikali ikalazimika kurudi nyuma.

Palipo na mlango mmoja, bawabu hula rushwa. Ulanguzi ulistawi hapo. Mwaka 1983 Ndugu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na umma ulimuunga mkono kwa haki. Hata hivyo, rafu za maduka ya Kariakoo zilianza kujaa baada ya mwaka 1984, wananchi waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni.

Sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani ili kuwadhibiti wakiritimba. Lakini Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka, hawakumlalamikia mkiritimba yeyote. Walilalamikia kamatakamata ya watoza kodi na amri ya kusajili stoo, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza.