Kusemewa: Viziwi na Huduma za Matunzo Tarime na Serengeti

Historia ya huduma kwa viziwi katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu wengine kusema kwa niaba yao, na kinachoifanya iwe ngumu kuichambua ni kwamba wasemaji hao, wawe wazazi, watawa, walimu au maofisa wa ustawi wa jamii, kwa kawaida walikuwa na nia njema. Dharau iliyomo haikuwa ya matusi, bali ile ya kumhudumia mtu mzima kama mtoto, kumpangia na kumwamulia, kisha kumtaka ashukuru.

Katika boma la Wakurya, kuchunga ng'ombe na kulima wimbi au mihogo ni kazi ambazo mtu hujifunza kwa kutazama na kutenda zaidi kuliko kwa kuelezwa, hivyo kiziwi aliyekulia humo aliweza kujitungia pamoja na jamaa zake kile ambacho wanaisimu hukiita ishara za nyumbani, yaani mfumo mdogo wa alama unaoeleweka ndani ya familia moja na pengine kwa majirani wachache. Mfumo huo ulitosha zizini na shambani, lakini haukutosha katika iritongo, mkutano wa jamii ambamo mashauri huzungumzwa na kuamuliwa kwa maneno, na ambamo kiziwi asingeweza kushiriki ila kupitia kinywa cha ndugu. Zama hizo za kabla ya shule hazikuwa za heri. Ila kusemewa kulikuwa na mipaka, kwa kuwa aliyesemewa barazani alibaki mtu mwenye kazi yake nyumbani.

Shule ya kwanza ya viziwi nchini Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki, ikafuatwa na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na ya Mwanga, Kilimanjaro, mwaka 1981. Mtoto wa Nyamwaga au wa Mugumu aliyebahatika kupata nafasi Tabora alikuwa na safari ya barabara hadi Mwanza na kisha ya treni, na huko alikutana na mbinu ya usemaji, yaani ufundishaji unaomtaka kiziwi asome midomo ya wengine na ajitahidi kutamka. Mbinu hiyo ilikuwa imepewa nguvu na mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1880, ambao ulipiga kura kuziondoa ishara madarasani ilhali karibu wajumbe wake wote walikuwa watu wanaosikia. Kwa kawaida mtoto aliketishwa mbele ya kioo, mkono wake ukawekwa kooni mwa mwalimu ahisi mtetemo, kisha akapulizia kipande cha karatasi ili ajue kama pumzi imetoka ipasavyo. Hata hivyo, maneno baba, mama na papa hufanana kabisa midomoni, kwa sababu tofauti zake zimo kooni na puani, mahali ambapo jicho halifiki, na kwa mtoto aliyetoka katika nyumba ya Kikurya, Kiswahili alichotakiwa kukisaka midomoni hakikuwa hata lugha ya wazazi wake. Lugha iliyokua kwa kweli ilikua bwenini, mikononi mwa watoto wenyewe, na ndiyo maana alama za viziwi wa Tanzania zilitofautiana kutoka shule moja hadi nyingine kama lahaja.

Mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma, makao makuu ya mkoa huo huo wa Mara, ikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaifanya kuwa ya lazima. Kuandikishwa, hata hivyo, si kufundishwa. Kiziwi aliyeketi katika darasa lililojaa, ambamo mwalimu husema huku ameugeukia ubao, angeweza kupata mwandiko mzuri wa sentensi asizojua maana yake, akapandishwa darasa kwa kuhurumiwa.

Baada ya Umoja wa Mataifa kuutangaza mwaka 1981 kuwa wa watu wenye ulemavu, Tanzania ilitunga sheria mbili mwaka 1982, moja ya ajira, iliyowataka waajiri wakubwa kutenga asilimia 2 ya nafasi za kazi, na nyingine ya matunzo, iliyoikabidhi familia wajibu wa kumtunza mlemavu. Hiyo ya pili ndiyo iliyolingana na mazoea ya vijijini, nayo, pamoja na wema wake wote, ilimtambua kiziwi kama mtu wa kutunzwa. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoanzishwa mwaka 1983, kilichukua mkondo mwingine, kikatoa kamusi ya lugha ya alama mwaka 1993; na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikaweka haki mahali ambapo awali palikuwa na hisani, angalau katika maandishi.

Uzito wa kusemewa huonekana zaidi pale ambapo msemaji ana maslahi yake. Mwaka 2014 Kanisa Anglikana lilifungua nyumba salama Mugumu kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji, ambao katika wilaya hizi mbili hufanyika hasa Desemba. Habari za kimbilio hilo husambaa kwa redio, kwa mikutano na kwa mdomo, njia ambazo zote humpita binti kiziwi, na hata akifika, mtu pekee anayezielewa ishara zake za nyumbani huenda akawa mama au shangazi yule yule aliyemwandaa kukeketwa.

La ajabu ni kwamba sheria ilikuwa imeliona suala la kiziwi kujieleza kwa ishara mapema kuliko shule. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, ikifuata ile ya India iliyotumika Tanganyika tangu enzi za Mwingereza, inamruhusu shahidi asiyeweza kusema kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama, na ushahidi huo huhesabiwa kuwa wa mdomo. Mahakamani, mkalimani huapishwa kwamba atafasiri kwa ukweli. Kwenye dirisha la dawa, katika dawati la jinsia la polisi na katika ofisi ya ustawi wa jamii, ndugu aliyefuatana na kiziwi huaminiwa bila kiapo, na aliyoyasema huingia katika faili kama maelezo ya kiziwi mwenyewe.