Pesa ya Uzeeni ya Shangazi Inanunua Nini?

Wiki jana shangazi yangu alinitumia picha kwa WhatsApp. Ilikuwa ripoti ya mfuko wa pensheni wa kazini kwao. Yeye ni sekretari katika kampuni ya mawakili hapa tao, mwaka wa 19 sasa. Alikuwa amezungushia mstari mmoja kwa biro nyekundu, halafu akaandika: "Wewe mtu wa intaneti, hii praiveti ekwiti ni nini, na inafanya nini na pesa yangu?"

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo usiniulize cheti. Lakini niliingia kusoma na sikulala mapema.

Kwanza maana yake. Meneja anakusanya pesa kutoka mifuko mikubwa, ananunua kampuni nzima nje ya soko la hisa, anaibadilisha, kisha anaiuza baada ya miaka kadhaa. Pesa yako inafungiwa huko kama miaka 10. Desturi ni meneja kukata 2% kila mwaka, na 20% ya faida ikipatikana. Mara nyingi sehemu kubwa ya pesa ya kununua ni mkopo, na mkopo huo anabebeshwa nani? Kampuni iliyonunuliwa. Fikiria mtu anunue matatu yako kwa deni, halafu deni ulilipe wewe dereva.

Sasa, pesa za wafanyakazi ziliingiaje huko? Hii stori inaanza Marekani, mji wa South Bend, Indiana. Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilitangaza kufunga kiwanda chake pale. Waliokuwa na miaka 60 na zaidi walipata pensheni yao. Wafanyakazi kama 4,000 wa kati ya miaka 40 na 59 walipata takriban 15% ya haki yao. Wenye chini ya miaka 40 hawakuona hata senti. Msee amefunga nati miaka 20, anaambiwa pole.

Kelele hizo zilichukua zaidi ya miaka 10 kuzaa sheria. Mwaka 1974 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria inayoitwa ERISA: anayesimamia pensheni ya watu lazima awe na busara, asicheze nayo. Wasimamizi wakaogopa. Kila uwekezaji wenye hatari ulionekana kama kesi mahakamani inayongoja kutokea.

Halafu 1979 Wizara ya Leba ya Marekani ikafafanua neno hilo "busara". Ilisema usipime kila uwekezaji peke yake, angalia kapu lote. Yaani yai moja likivunjika si kosa, mradi kapu lenyewe lilipangwa vizuri. Ufafanuzi huo ulifungua geti. Sheria iliyozaliwa kuwalinda wazee ndiyo hiyo hiyo, ikisomwa upya, iliyoruhusu pesa zao kwenda mbali zaidi.

Waliokuwa wanangoja nje ya geti walikuwa watu kama Jerome Kohlberg, Henry Kravis na George Roberts, walioanzisha KKR mwaka 1976. Mwaka 1981 mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa serikali ya jimbo la Oregon uliweka pesa pamoja nao kununua maduka ya Fred Meyer. Ilikuwa biashara nzuri, na majimbo mengine yakafuata. Mwisho wa miaka ya 80 KKR ilinunua RJR Nabisco kwa karibu dola bilioni 25. Magazeti yaliwaandika matajiri wa New York. Lakini nyuma yao kulikuwa pia na pesa za walimu na makarani.

Na mikataba yote hiyo inaandikwa na nani? Mawakili. Watu kama shangazi ndio wanaichapa.

Sasa sikia upande wa pili. Mwaka 2005 KKR, Bain Capital na Vornado walinunua maduka ya vitu vya watoto ya Toys R Us kwa dola bilioni 6.6, nyingi zikiwa za mkopo. Riba ilikula hela ambayo ingerekebisha maduka. Septemba 2017 kampuni ikaenda mahakamani kwa kulemewa na madeni, na 2018 ikafunga maduka yake Marekani. Zaidi ya watu 30,000 walipoteza kazi, na mwanzoni bila marupurupu ya kuachishwa.

Hapo ndipo hii historia ilinishika. Wale wafanyakazi hawakwenda kupiga kelele kwa matajiri peke yao. Walienda kwenye mikutano ya mifuko ya pensheni na kuwaambia wadhamini: pesa mnayosimamia imetufuta kazi. Bodi ya uwekezaji ya Minnesota ikasimamisha uwekezaji mpya kwa KKR. Novemba 2018 KKR na Bain wakatoa dola milioni 20 kuwasaidia. Ukigawa ni chapaa kidogo kwa kila mtu, lakini iliwatoka kwa sababu mwenye pesa aliuliza swali.

Rudi nyumbani. Kenya ina sheria ya mafao ya kustaafu tangu 1997, na kanuni zinaruhusu mfuko kuweka hadi 10% kwenye praiveti ekwiti. Sisemi ni mbaya. Inaweza kujenga biashara za hapa na kumzidishia shangazi pesa. Inaweza pia kufungiwa miaka 10 wakati yeye anastaafu baada ya 6.

Sisi vijana tunajua kuuliza ushuru wetu umeenda wapi. Pensheni tunaona ni mambo ya wazee, ilhali inakatwa kuanzia mshahara wa kwanza. Katika mifuko mingi ya makazini wanachama huchagua baadhi ya wadhamini, na kuna mkutano wa kila mwaka. Shangazi amekuwa akiruka wake kwa sababu "ni ya mawakili wakubwa".

Nilimtumia maswali matatu: imenunua kampuni gani? Meneja anakata ngapi? Itatoka lini?

Akajibu: "Nitavaa ile nguo ya harusi ya dadako. Wajue nimekuja."