Rika Lisilokabidhiwa

Kijana wa Meru anayeitwa Guantai, Gichunge, Miriti au Kiramana amebeba jina lililokuwa la kundi zima kabla halijawa la mtu mmoja. Hayo ni majina ya nthuki, marika ya wanaume waliotahiriwa msimu mmoja, wakalala nyumba moja ya mashujaa iliyoitwa gaaru, wakalinda mipaka pamoja na kuzeeka pamoja. Majina yalizunguka: rika la zamani likishazikwa lote, jina lake lilirudi baada ya muda mrefu likavalishwa vijana wengine. Leo wenye majina hayo waliozaliwa kati ya 1981 na 1996 wamepewa jina jingine juu ya hayo, milenia, ambalo halikutungwa Imenti, Tigania wala Runyenjes. Lilitoka Marekani likiwa na mipaka yake ya miaka tayari, na mashtaka yakaja nalo: hawa ni wavivu, hawataki kuoa, hawashiki jembe, wanaishi ndani ya simu. Baba aliyekuwa kijana kahawa ilipokuwa dhahabu huyatamka mashtaka haya kana kwamba ameyagundua yeye. Mimi nashikilia kwamba kizazi hiki hakina kasoro ambayo Mlima Kenya haujawahi kuiona. Kilichokosekana ni siku ya kukabidhiwa. Wazee wa zamani waliwahukumu vijana kwa ukali kuliko wetu, lakini hukumu yao ilifungwa kwenye deni la kuwaachia nafasi. Ukoloni ulikata deni ukaiacha hukumu, na tangu hapo tumekuwa tukihukumiana bila kudaiana chochote.

Utaratibu wenyewe unahitaji kuelezwa, maana wengi wetu tunaukumbuka kwa mapambo yake tu. Mvulana wa Kimeru alingoja jando hadi ujana wake ukaribie kukomaa. Wavulana wakubwa ambao hawajatahiriwa, ndinguri, walikuwa na nguvu za wanaume lakini hawakuwa na sauti ya wanaume, na walidharauliwa waziwazi. Baada ya kisu waliingia gaaru na kuwa nthaka, wakafundishwa na wale waliowatangulia moja kwa moja, ambao mara nyingi ndio waliokuwa wakali wao wakubwa. Kisha, baada ya miaka kumi na kitu, ikaja ntuiko: waliokuwa mashujaa walitoka wakaoe, waliokuwa wazazi wakapanda kwenye mabaraza, na kila rika likasogea hatua moja. Hakuna aliyesogea bure. Anayepanda alitoa mbuzi na vinginevyo kwa anayempisha, na anayepisha akishapokea hakuwa tena na haki ya kung'ang'ania. Juu ya hayo, marika yaligawanyika pande mbili zilizopokezana, Kiruka na Ntiba, hivi kwamba rika lako lilikuwa na ushindani na lile lililo juu yake na ukaribu na lile la juu zaidi. Kwa Waembu palikuwa na vizazi viwili, Kimanthi na Nyangi, vilivyopokezana uongozi wa nchi kwa sherehe iliyoitwa nduiko, babu na mjukuu wakiangukia upande mmoja na baba upande wa pili. Tazama busara iliyomo. Waliojua mpango huu hawakuota kwamba baba na mwana wataelewana daima. Walikubali kwamba jirani wa umri ndiye mshindani wako, wakaujengea ushindani huo nyumba, kanuni na tarehe ya mwisho.

Ndani ya nyumba hiyo neno «vijana wa siku hizi» lilikuwa na kazi. Mzee aliyemwita kijana mvivu alikuwa anamkagua mtu atakayemrithi kwa siku inayojulikana, na kijana aliyetukanwa alijua kwamba baada ya misimu kadhaa atakaa kwenye kigoda hichohicho. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ina maana kamili pale tu mkuu anapozungumza akijua kwamba ukuu wake una kikomo. Mkuu asiye na kikomo akisema neno lilelile, huwa analinda mahali pake, na kijana huisikia tofauti hiyo hata asipoweza kuieleza.

Waingereza waliishinda Embu kwa nguvu mwaka 1906, na mwaka 1908 afisa wao Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, alipiga kambi ilipo Meru mjini leo. Mashambulizi ya ng'ombe yakapigwa marufuku. Kwa jirani aliyekuwa akiporwa hilo lilikuwa jambo jema, wala sioni sababu ya kuilia enzi ya mikuki. Lakini gaaru ilikuwa imejengwa kwa ajili ya ulinzi na vita, na shujaa asiye na la kulinda akageuzwa kibarua wa barabara na mlipa kodi. Machifu wakateuliwa kwa kuangalia nani anamfaa mzungu, rika lake likiwa lolote. Mtu akaweza kuwaamuru waliomtahiri. Misheni zikaja: Waanglikana Kigari mwaka 1910, Wamethodisti Kaaga, Wapresibiteri Chogoria, Wakatoliki wa Consolata, na mvulana aliyejua kusoma akaanza kuhesabu wenzake kwa darasa. Umri wa jando ukashuka kutoka ujana mpevu hadi utoto, kwa sababu serikali na shule zote zilitaka kijana amalize mapema aende kazini au darasani. Kwa miongo kadhaa wavulana wa Meru na Embu wametahiriwa likizo ya Desemba wamalizapo shule ya msingi, wakakaa ndani wiki chache, kisha Januari wakavaa sare za sekondari. Wametoka utotoni kwa sherehe, ila hakuna aliyehama kiti ili wao wakalie.

Kilichonifikirisha zaidi katika historia hii ni jinsi ufufuaji wa mila ulivyofanywa nusu. Katika miaka ya 1930 H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyejifunza mila za Wameru kwa bidii ya kweli, aliitambua Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee, akaipa nafasi rasmi katika utawala, na baadaye Wakristo wenye elimu wakafunguliwa mlango wakaingia. Ndiyo maana Njuri ingali hai, na Nchiru, makao yake, ingali mahali pa heshima. Hilo lilikuwa tendo la heshima kwa Wameru kuliko yaliyofanywa kwingi Kenya. Hata hivyo hakuna aliyeifufua gaaru, wala aliyeirudisha ntuiko na nguvu yake ya kuwaondoa watu vitini. Utawala ulihitaji wazee wa kuamua kesi na kutuliza vijana. Haukuhitaji vijana wenye haki ya kuwaambia wazee kwamba zamu yao imekwisha. Mkono wa mila unaohukumu ukawekewa mshahara na mhuri, na mkono unaodaiwa ukaachwa ukauke.

Matokeo yalionekana wazi mwaka 1956, katikati ya Hali ya Hatari, wakati Njuri Ncheke ilipopiga marufuku tohara ya wasichana. Maafisa wa serikali ya kikoloni, miongo miwili au mitatu nyuma, walikuwa wameshinikiza wasichana wakeketwe mapema zaidi ili kuzuia mimba za kabla ya kukeketwa na utoaji wa mimba hizo. Sasa msichana aliambiwa na wanaume wazee, kwa idhini ya serikali, kwamba kile kilichomfanya mama yake na nyanya yake kuwa wanawake hakipo tena, na hakuambiwa atakuwa mwanamke kwa njia gani nyingine. Wasichana wakaenda madukani wakanunua nyembe, zile nyembamba za kunyolea, wakajificha vichakani na kukatana wenyewe kwa wenyewe, bila mkeketaji mwenye ujuzi na bila kisu chake cha chuma. Wakajipa jina la rika: Ngaitana, nitajitahiri. Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana pamoja na wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuivunja amri hiyo. Tendo walilolifanya liliwaumiza, wengine kwa maisha yao yote, na Kenya ilifanya sawa kulipiga marufuku kwa sheria mwaka 2011. Lakini ukisoma kisa hiki kama ukaidi wa wasichana wajinga hujakisoma. Kundi la umri uleule lilijitafutia jina na mlango kwa sababu waliokuwa juu yake walifunga mlango wa zamani bila kufungua mpya. Wazee walitoa hukumu sahihi kwa njia inayomwacha kijana bila pa kwenda, na wembe ukajaza nafasi hiyo.

Sasa waje milenia na mashtaka yao, nikianza na lile la jembe. Embu na Meru, pamoja na Kisii, ndizo zilizokuwa za kwanza Waafrika kuruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukapima mashamba na kuleta hatimiliki, na hati nyingi ziliandikwa jina la baba. Baridi kali ilipoua kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipanda hadi 1977, na nyumba za mawe na karo za shule katika miteremko ya Mlima Kenya zililipwa na mibuni ileile. Kisha mwaka 1989 mgao wa mauzo chini ya mkataba wa kahawa wa kimataifa ukavunjika, bei ikaanguka. Mtoto wa 1981 alikuwa na miaka minane. Aliyemwona baba yake akipeleka debe la kahawa kiwandani na kurudi na karatasi ya madeni alijifunza jambo kuhusu kilimo, na alilojifunza si uvivu. Alipokua, shamba lilikuwa limegawika mara ya pili au ya tatu, na hati ilikuwa ingali na jina la mzee, au la babu aliyefariki, ikingoja mahakama ya urithi. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutolitunza shamba ambalo hajui kama ni lake. La kutooa linajibiwa na ukurasa uleule: shujaa wa zamani alitoka gaaru akaoe kwa sababu ntuiko ilifika na ng'ombe wa ukoo wakatolewa. Wa leo anangoja ardhi na kazi, ambazo hazina msimu.

Najua nitajibiwa kwamba Kenya ina ntuiko yake kila miaka mitano, nayo ni uchaguzi. Jibu hili lina uzito, na nisingependa kulipita haraka. Uchaguzi umewatoa watu madarakani, na Katiba ya 2010 imewataja vijana kwa jina na kuwaahidi nafasi. Lakini sanduku la kura humtoa mtu likamweka mtu. Halitoi rika. Mara nyingi limemtumia kijana kama ngazi: Vijana wa KANU '92 walikusanywa kuipigania KANU, chama tawala cha wakati huo, na mmoja wao, William Ruto, ndiye aliyekuwa rais vijana wengine walipojaa barabarani mwaka 2024. Wengine watasema utaratibu wa zamani ulikuwa wa kiume, wa damu na wa kuwanyima wanawake sauti. Ni kweli, na Ngaitana ni ushahidi wangu mwenyewe dhidi ya anayetaka kuurudisha ulivyokuwa. Ninachokitetea ni sehemu yake moja tu: wazo kwamba anayehukumu kizazi kingine ana tarehe ya kuondoka na wajibu wa kufundisha kabla ya tarehe hiyo. Wazo hilo halihitaji mkuki, wala halihitaji wanaume peke yao. Pingamizi la tatu, kwamba vijana hawajawa tayari, lilikuwepo tangu zama za ndinguri. Tofauti ni kwamba zamani aliyelitamka ndiye aliyewajibika kuwaweka tayari, na asingeweza kulitumia milele.

Juni 2024 hukumu ilitoka upande ambao milenia hawakuutarajia. Vijana wa Gen Z walipoandamana dhidi ya Mswada wa Fedha, Meru na Embu zikiwemo, na Ruto akakataa kuutia saini tarehe 26 baada ya bunge kuvamiwa siku iliyotangulia, wengi walisema kwamba waliowatangulia walikuwa waoga, wamepigwa bao na ukabila wa 2007, wamelalamika miaka kumi na mitano bila kuinuka. Shtaka hilo lina ukweli ndani yake, na halina haki yote. Kizazi kilichoona mauaji ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kikiwa na miaka kati ya kumi na moja na ishirini na sita kilijifunza kwamba barabara inaweza kula watu wengi bila kubadili kitu. Tahadhari waliyoibeba ilinunuliwa kwa bei ghali. Lakini rika la chini linapolidharau rika la juu yake moja kwa moja, linafanya kile ambacho Kiruka na Ntiba walitarajia. Kinachoumiza ni kwamba anayedharauliwa hana kiti cha kumpisha anayemdharau. Milenia amekuwa mzazi kabla hajawahi kuwa mwenye nyumba, akabanwa kati ya wanaomwambia angoje na wanaomwuliza alikuwa wapi.

Kifungu cha 260 cha Katiba kinasema kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha 35. Kwa hesabu hiyo milenia wa kwanza aliacha kuwa kijana mwaka 2016, na wa mwisho, aliyezaliwa 1996, atafikisha 35 mwaka 2031. Siku hiyo jina litatoka mabegani mwake kisheria. Nchiru hakuna uwanja uliofagiliwa kwa ajili yake, Embu hakuna nduiko iliyotangazwa, na mbuzi ambaye angemlipa wa mbele yake bado yuko malishoni, kwa maana hakuna aliyejitokeza kumpokea.