Tumbo Likijaa: Tuliyorithi kwa Wazee wa Pwani



Kila unapoingia mwezi wa Ramadhani, hapa kwetu Ubungo hunijia swali moja kwa sura nyingi. Huyu hunivuta pembeni baada ya Tarawehe, mkono uko tumboni, akanambia: "Sheikh, kila nikifuturu tumbo lanijaa kama ngoma. Ni upepo au kuna mtu?" Yule hutuma mtoto aje aombe kombe la kunywa. Na mama mmoja aliwahi kunieleza kuwa rakaa za mwisho humshinda kusujudu, kwani kila akiinama kiungulia humpanda hadi kooni.

Mambo haya si ya kuchekwa. Mtu ambaye tumbo limemvimba hasali kwa utulivu, halali usingizi, wala hana maneno mazuri kwa watu wa nyumbani mwake. Mimi si tabibu. Ni mwalimu wa chuo, na umri wangu umepita miaka sitini. Lakini tumbo nalo lina tarikh yake, na tarikh hiyo imo katika sahani tulizorithi. Basi tuifuatilie pamoja, tujue lipi la wazee tulishike na lipi tuliache.

Mgeni aliyelishwa Mogadishu

Mwaka 1331 alifika Mogadishu msafiri aitwaye Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika nchi ya Maghribi. Alikuwa ametoka kwao tangu mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja. Kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kukaa katika nyumba ya wanafunzi. Kwanza akaletewa tambuu na popoo, kisha chakula.

Chakula chenyewe alikisimulia kwa urefu. Ulikuwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Katika chombo kingine kulikuwa na maziwa ya mgando, na pamoja nayo ndimu za achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Alikaa siku tatu, na kila siku chakula kililetwa mara tatu.

Halafu akasema jambo ambalo sisi watu wa pwani hatupendi kulisikia. Alisema kuwa mtu mmoja wa mji ule hula kiasi cha kundi la watu wa kwao, na kwamba wenyeji wale walikuwa wanene wa miili kupita kiasi. Mgeni hakuona njaa. Aliona shibe, na shibe ilimshangaza.

Tazama, ndugu msomaji, mambo mawili katika sinia hilo. La kwanza, tabia ya kula mpaka pumzi ikatike si ya jana, bali ina miaka karibu mia saba. La pili, wazee wale hawakuwa wajinga. Pembeni ya wali wa samli waliweka ndimu, tangawizi na maziwa yaliyoganda. Achari haikuwa pambo la meza. Ilikuwa ni kumsaidia mlaji na mzigo aliojitwika.

Vilivyoletwa na bahari

Mengi tunayoyatumia kutuliza tumbo yaliletwa na majahazi. Pilipili manga hasa yatoka Malabari katika Bara Hindi, lakini tumeiita ya Manga kwa sababu tuliipokea mikononi mwa watu wa Arabuni. Bizari nyembamba, iliki na mdalasini nazo ziliingia kwa biashara hiyo hiyo. Tangawizi imetajwa hata katika Qur'ani, katika Sura ya 76, kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa Peponi.

Karafuu ni mgeni wa karibu zaidi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Unguja ililetwa yapata mwaka 1818, kisha Seyyid Said akahimiza ipandwe kwa wingi, na haikupita miaka mingi Unguja na Pemba zikawa zinalisha dunia karafuu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ndiyo iliyobakia na shamba kubwa.

Lakini bahari ilileta pia vyakula vinavyolijaza tumbo. Kabla Wareno hawajafika mwaka 1498, pwani hii haikujua mahindi, wala muhogo, wala maharage haya tunayokula leo, wala pilipili kali ya kuwasha. Hivyo vyote ni vya Marekani, na vilivuka bahari baada ya hapo. Babu zetu walikula mtama, mpunga, kunde, mbaazi na choroko. Basi anayelalamika kuwa maharage yanamletea gesi ajue kuwa mezani kwetu maharage bado ni mgeni.

Na sababu yake inajulikana. Ndani ya maharage na kunde mna sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Hushuka hadi utumbo mpana, huko vijidudu huzichachua kama tembo linavyochacha, na uchachu ule ndio hewa inayovimbisha tumbo. Mama anayeroweka maharage usiku kucha, akamwaga maji yale, akapika kwa maji mapya mpaka yakaiva barabara, hupunguza sehemu ya sukari hizo.

Tabia nne

Wazee wa pwani walikuwa na elimu ya mwili iliyopangika. Walisema mwili una tabia nne: hari, baridi, yabisi na rutuba. Kila chakula kina tabia yake, na maradhi huja pale mizani inapoinama upande mmoja. Mpaka leo mtu akiumwa viungo husema ana "baridi yabisi", naye hajui kuwa anatamka maneno ya kitabuni.

Elimu hiyo ilianzia kwa Wayunani, kwa Hippocrates na Galen. Ikafasiriwa Baghdad katika karne ya tisa na kina Hunayn bin Ishaq, ikakusanywa na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb, kisha ikasafiri na vitabu na watu hata ikafika mabarazani kwetu. Kwa mizani hiyo tumbo lililopoa hupewa kitu cha hari: tangawizi, pilipili manga, karafuu. Uji wa pilipili manga tunaofuturia ni mtoto wa elimu hiyo.

Je, walikuwa sahihi? Kwa sababu walizozitoa, siyo; hakuna tabibu leo anayepima hari na yabisi. Kwa matendo yao, mara nyingi ndiyo. Wataalamu wa siku hizi wameona kuwa tangawizi hutuliza kichefuchefu na husaidia tumbo kusukuma chakula mbele. Ndiyo maana Muhimbili, tangu mwaka 1974, kuna kitengo cha kuchunguza dawa za asili. Walioanzisha kazi hiyo hawakuzidharau dawa za wazee, wala hawakuziamini bila kuzipima.

Na kupima kuna pande mbili. Tambuu aliyokirimiwa Ibn Battuta iliaminika karne nyingi kuwa hushusha chakula na kusafisha kinywa. Mwaka 2003 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa popoo huleta saratani. Hilo nalo ni la wazee, na hilo tuliache.

Maziwa ya Ubungo

Wengi hapa kwetu hukijua kituo kiitwacho Ubungo Maziwa. Jina hilo lilitokana na kiwanda cha maziwa kilichokuwapo hapo. Wengi wetu tuliamini kuwa maziwa hayamdhuru mtu, na anayeharisha au kujaa gesi akinywa bilauri moja tulimwambia tumbo lake ni la kimaskini.

Huo ulikuwa ujinga wetu. Ndani ya maziwa mna sukari iitwayo laktosi, na mwili wahitaji kimeng'enya maalumu ili kuivunja. Watoto wachanga wanacho. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua mtu akishaacha kunyonya. Jamii nyingi za wafugaji ndizo zilizobaki nacho ukubwani. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa utafiti uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kuwa uwezo huo ulizuka huku Afrika Mashariki peke yake, mbali na ule wa Ulaya, katika miaka elfu chache zilizopita, pamoja na ufugaji. Basi Mmasai anayekunywa kibuyu kizima na mtu wa pwani anayevimbiwa kwa kikombe kimoja, hakuna aliye bora kuliko mwenziwe.

Sasa rudi kwenye sinia la Mogadishu. Maziwa yaliyowekwa pale ya kunywewa yalikuwa ya mgando. Maziwa yakiganda, vijidudu vinavyoyagandisha hula sehemu ya sukari ile, na tumbo hupata nafuu. Anayeshindwa na maziwa mabichi ajaribu mtindi.

Jirani yangu

Hapa nakuomba usikilize kwa makini, maana ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Nilikuwa na jirani, mzee mwenzangu, tuliyekuwa tukisimama safu moja msikitini. Alianza kulalamika kuwa kila akila tumbo hujaa upesi, hata kwa vijiko vichache. Nikamwambia ni gesi, nikamfundisha tangawizi na karafuu. Akapata nafuu ya siku mbili tatu, ikarudi. Akanunua chupa za dawa ya gesi kwa wachuuzi waliokuwa wakizunguka na vikapu stendi ya mabasi, enzi zile stendi iko hapa kwetu, kabla haijahamishiwa Mbezi mwaka 2021. Kanzu zikaanza kumpwaya. Tukasema ni swaumu za Sunna. Alipopelekwa hospitali ilikuwa saratani ya tumbo, na wakati ulikuwa umepita.

Ajali ya mja imo mikononi mwa Mola wake, hilo naliamini. Lakini nami najua kuwa nilisema neno nisilolijua, na mtu akalitegemea kwa kuwa lilitoka kwa Sheikh. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kuwa na anayemsaidia mgonjwa kuyaficha ana sehemu yake.

Laiti ningejua haya. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua kuwa ndani ya tumbo huishi kijidudu, Helicobacter pylori, ambacho ndicho asili ya vidonda vya tumbo vilivyo vingi. Hapo kabla watu waliambiwa ni mawazo na pilipili. Marshall alifika hata kukinywa kijidudu hicho mwenyewe, mwaka 1984, ili athibitishe, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho kikiachwa miaka mingi chaweza kuleta saratani. Kipimo chake kipo, na dawa zake ni za hospitali. Tangawizi haikiui.

Lifaalo kufanywa

Kwanza ni kiasi. Qur'ani imetuamrisha tule na tunywe bila israfu, na Mtume (S.A.W.) alituelekeza kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Anayefuturu kwa tende na maji, akasali Magharibi, ndipo akarudi kwenye chakula, tumbo lake limepata muda wa kuamka. Anayeanza kwa sambusa, akafuatisha muhogo wa nazi, tambi na soda ya baridi, asimsingizie jini. Soda yenyewe ni hewa iliyofungwa ndani ya chupa.

Pili, tafuna polepole na usimeze upepo kwa maneno mengi na haraka. Usilale chali mara baada ya kula. Tembea kidogo, na safari ya Tarawehe yatosha. Angalia pia ni chakula kipi kinakuletea taabu: maharage, maziwa, kabichi au kitunguu. Kipunguze hicho, usikimbie vyote.

Tatu, tangawizi na bizari ni za tumbo lililoelemewa siku moja mbili. Ukiona unakonda bila sababu, unatapika, chakula kinakwama kooni, choo ni cheusi kama lami au kina damu, unashiba kwa tonge chache, au tumbo limejaa wiki baada ya wiki, nenda hospitali. Na mama aliyefikia umri wa hamsini, tumbo likaanza kumvimba kila siku jambo ambalo hakuwa nalo, asiambiwe ni chango, apimwe.

Ibn Battuta aliondoka Mogadishu, akapita Mombasa na Kilwa, akaenda zake. Sisi ndio tuliobaki na sinia. Tumeuweka wali na samli, tukaongeza na vya Marekani na vya viwandani; lililopungua ni kiasi. Na ukiniuliza leo swali lile la Ramadhani, kwanza nitakuuliza umeanza lini na umepungua uzito kiasi gani, ndipo nitakapotaja tangawizi.

Mwenyezi Mungu amrehemu jirani yangu, atusamehe tuliyoyasema bila ya elimu, na atujaalie shibe isiyotuzuia kusujudu. Amin.