Leseni ya Mwanasaikolojia Inamlinda Nani?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mganga hajigangi. Leo naiazima methali hiyo kwa ajili ya waganga wa aina nyingine, nao ni wanasaikolojia, wataalamu wa akili na tabia za binadamu. Wataalamu hawa, kama walivyo wanasheria na madaktari, huungana katika vyama, wakadai sheria, wakadai leseni, wakadai kusikilizwa na serikali. Hilo si baya. Lakini hapana budi tujiulize: chama cha wataalamu kinapopaza sauti, kinatetea tonge la wanachama wake, au kinamtetea yule mtu aliyeketi mbele yao akisubiri kuambiwa ana kasoro gani?

Nitajibu kwa kisa kilichotokea Marekani, kwa sababu huko mvutano huo ulifika mpaka mahakamani, na ushahidi wake umeandikwa.

Wanasaikolojia wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1892, chini ya G. Stanley Hall, katika Chuo Kikuu cha Clark, jimbo la Massachusetts. Siku hizo walikuwa maprofesa wachache. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi ikatoka vyuoni ikaingia hospitalini, mashuleni na viwandani. Ndipo likaja suala la sheria: nani ana haki ya kujiita mwanasaikolojia? Jimbo la Connecticut lilitangulia kutunga sheria mwaka 1945, na la mwisho, Missouri, likafuata mwaka 1977. Miaka 32 ya kubisha hodi katika mabunge ya majimbo. Hoja yao ilikuwa nzuri: matapeli wazuiwe, mwananchi alindwe.

Sasa tazama kilichokuwa kikitendeka mashuleni wakati hodi hizo zinapigwa. Katika jimbo la California, mtoto aliyeonekana kuwa mzito darasani alipelekwa kwa mwanasaikolojia wa shule, akapewa kipimo cha akili. Akipata chini ya pointi 75, aliweza kuhamishiwa darasa la watoto waliosemekana kuwa na akili pungufu. Humo hakufundishwa masomo kama wenzake. Alifundishwa kujitunza na kazi ndogondogo, na mwaka hata mwaka aliachwa nyuma, mpaka njia ya kurudi ikafungika. Katika mwaka wa shule wa 1968/69, watoto Weusi walikuwa takriban asilimia 9 ya wanafunzi wa jimbo hilo, lakini katika madarasa hayo walikuwa asilimia 27.

Kipimo chenyewe kilitoka wapi? Baba wa vipimo hivi ni Mfaransa Alfred Binet, aliyetoa chake mwaka 1905 ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Nia yake ilikuwa njema. Lakini kipimo cha watoto cha Wechsler, kilichotoka Marekani mwaka 1949 na kuenea sana, kilisawazishwa kwa kuwapima watoto Wazungu peke yao. Maana yake ni kwamba jibu la kawaida lilikuwa jibu la mtoto wa Kizungu. Swali moja lilitaka mtoto aseme afanyeje akichokozwa na mtoto mdogo kuliko yeye. Aliyekulia mtaa wenye vurugu, ambako asiyejitetea huonewa kila siku, aliweza kujibu kwa akili timamu kabisa na bado akakosa alama.

Mwaka 1968, wakati chama kikuu kikifanya mkutano wake mjini San Francisco, wanasaikolojia Weusi waliona sauti yao haisikiki humo. Wakaunda chama chao. Mwaka uliofuata wakadai vipimo hivyo visimamishwe kwa watoto Weusi. Hebu lipime jambo hilo, ndugu msikilizaji. Kupima akili ndiyo iliyokuwa kazi iliyowapa mkate wanasaikolojia wengi, na hawa walisimama na kusema kazi hiyo, kwa namna ilivyofanywa, inaharibu watoto. Chama kikuu kiliteua kamati, na ripoti yake iliyochapishwa mwaka 1975 kwa sehemu kubwa ikavitetea vipimo.

Lakini wazee wa San Francisco hawakungoja ripoti. Mwaka 1971 watoto sita Weusi walipelekewa kesi yao mahakamani, kesi inayojulikana kwa jina la kuficha la mmoja wao, Larry P. Mshtakiwa alikuwa Wilson Riles, mkuu wa elimu wa jimbo, ambaye naye alikuwa Mweusi. Kwa hiyo tusidhani ulikuwa ugomvi wa rangi mbili tu. Lililoshtakiwa ni utaratibu.

Wanasaikolojia Weusi wa eneo hilo wakawapima upya watoto wale. Walizungumza nao kwanza mpaka wakazoeana. Maswali waliyaweka katika maneno ambayo watoto waliyazoea nyumbani, na jibu lililoonyesha fikra walilipa alama hata kama halikuandikwa katika kitabu cha majibu. Wote sita walivuka pointi 75. Jaji Robert Peckham aliamua mwaka 1979 kwamba vipimo hivyo visitumike kuwapeleka watoto Weusi katika madarasa yale, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono sehemu kubwa ya uamuzi huo mwaka 1984.

Haki inataka niseme na upande wa pili. Mwaka 1980 jaji mwingine, huko Chicago, alivipitia vipimo hivyo hivyo swali kwa swali, akaona ni machache tu yenye upendeleo, akaviruhusu. Wataalamu waliendelea kubishana. Lakini jambo moja halina ubishi: waliowapima watoto wa San Francisco mara ya kwanza hawakuwa matapeli wa mtaani. Walikuwa wataalamu wa shule, walifuata kitabu, na kitabu ndicho kilichokuwa na kasoro.

Hapo ndipo ninapoona umuhimu wa elimu isiyokoma. Mimi nina diploma ya uandishi wa habari. Inathibitisha kwamba nilifundishwa kukata ukanda wa sauti kwa wembe na kuunga vipande kwa utepe wa gundi, kazi ambayo leo haina mtu wa kuifanya. Kwangu mimi hasara ni ndogo. Kwa mwanasaikolojia, elimu iliyochacha humwangukia mtoto wa mtu.

Leo California hiyo hiyo inamtaka mwanasaikolojia mwenye leseni kutimiza saa 36 za kujiendeleza kila miaka miwili, ndipo leseni ihuishwe. Miongoni mwa hizo, saa 4 ni za sheria na maadili, na saa 4 nyingine ni za tofauti za utamaduni na haki katika jamii. Na mwaka 2021 chama kikuu kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika kueneza ubaguzi wa rangi nchini humo. Ilichukua miaka 52 tangu lile dai la mwaka 1969. Watoto wale sita, kama wako hai, sasa ni wazee.

Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, wakaanzisha bodi ya kusajili na kutoa leseni. Ni hatua njema, na kilio cha namna hiyo hakina mpaka. Ila tunapodai sheria tudai na mengine mawili. Kwanza, leseni isihuishwe bila kusoma. Pili, ndani ya chama awepo mwenye uhuru wa kusimama na kuwaambia wenzake kwamba wanakosea, asifukuzwe.

Na wewe mzazi, siku utakapoambiwa kuwa mwanao ana akili pungufu, usiondoke na karatasi mkononi na machozi usoni. Uliza kwa heshima: kipimo hiki kilitengenezewa watoto wa wapi, na mwanangu aliulizwa kwa lugha gani? Mtaalamu wa kweli hatakasirika. Atakuvutia kiti akueleze.