Kinubi na Nyatiti

Akitajiwa Kibera, mtu huwaza mabati na matope, wala hafikiri kwamba hapo pana historia ndefu kuliko ya Nairobi yenyewe. Mji ulianza mwaka 1899, reli ilipofika. Lakini ala moja ya watu wakaao Raila na Kisumu Ndogo ina ukoo wa maelfu ya miaka.

Waliotangulia kupewa makao hapo na Waingereza ni Wanubi, askari wenye asili ya Sudani. Walianza kukaa yapata mwaka 1904, na mwaka 1918 ardhi ikatangazwa kuwa ya jeshi. Waliiita Kibra, yaani msitu. Hati ya eka 288, sehemu ndogo tu ya ardhi ile, walikabidhiwa mwaka 2017.

Baadaye wakaja wengine kutafuta kazi, na miongoni mwao Wajaluo, wenye nyatiti. Hiyo ni ala ya nyuzi nane, yenye bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Zamani nyuzi zake zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni. Mpigaji huketi juu ya kiti kifupi, njuga mguuni, na kidole gumba cha mguu amekivika pete ya chuma, ambayo huigonga kwenye mti wa ala. Basi mtu mmoja huwa nyuzi, ngoma, njuga na sauti kwa pamoja. Sijui ala nyingine inayomtumikisha mtu kiasi hicho!

Ndugu zake ni wengi. Wakisii wana obokano, Wabukusu litungu, Waganda endongo, Wahabeshi krar na begena, na watu wa Nubia kisir. Wamisri wa kale walikuwa na ala ya umbo hilo; na huko Ur, nchini Iraki, zimefukuliwa za miaka ipatayo 4,500. Siamini kwamba watu wengi hivyo, karibu wote majirani wa Nile na maziwa yake, walilibuni umbo lile lile kila mmoja peke yake. Tena angalia neno letu: Kiswahili huita ala ya namna hii kinubi, na lugha ya Wanubi vilevile ni Kinubi.

Hata hivyo mwaka 2001 watu waliuana Kibera kwa sababu ya kodi za nyumba. Wengi wa wenye nyumba walikuwa Wanubi, na wengi wa wapangaji Wajaluo.

Miaka michache baadaye, sehemu ya filamu *The Constant Gardener* ilipigwa Kibera hapo hapo. Ilipotoka mwaka 2005, ulimwengu ulisikia ndani yake wimbo wa Kijaluo, "Kothbiro", wa Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyezaliwa Mombasa na kufariki mwaka 2019. Wengi waliousikia hawakupata kuiona ala yenyewe.